Kesi ya Mechi Sita Bila Goli

Niseme mapema, kabla hamjaanza kunitafutia utetezi: siku ile mjinga nilikuwa mimi. Si mjinga wa kudanganywa, maana huyo huonewa huruma. Nilikuwa mjinga wa kujitolea. Niliamka, nikaoga, nikapiga pasi shati jeupe, nikapanda ngazi za ghorofa sita pale Berea, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla mimi sijaingia nchi hii, nikaenda kujichimbia kaburi huku napiga mluzi.

Ilikuwa Jumapili mchana, Oktoba 2017. Timu ya chuo chetu ilikuwa imecheza mechi sita za ligi ya vyuo bila kufunga goli hata moja. Sita! Nyuma tulikuwa wazima, kipa wetu Hénock alikuwa anadaka mpaka mashuti yaliyokuwa yanakwenda nje. Lakini mbele tulikuwa kama wageni wa harusi ya watu wasiowajua: tunafika, tunasalimia, tunaondoka bila kula.

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vitano Kensington, juu ya duka la vipuri vya magari. Mkuu wa chuo, mtu aliyependa makombe kuliko vitabu, alitenga nafasi nne za watu wa kusoma bure mradi wacheze mpira. Wenyewe tuliita kusoma kwa mguu. Tuliosoma kwa mguu ni nahodha Lambert na kipa Hénock, Wakongo wa Bukavu. Égide, Mrundi, mshambuliaji wetu. Na mimi, Bakiri wa Tanga, kiungo, namba kumi mgongoni. Ijumaa ile Mkuu wa chuo alimwita Lambert akampa maneno mafupi: nileteeni jina la mtu anayeua ushambuliaji wenu. Jumatatu asubuhi anatoka chuoni, naingiza mwingine.

Zilibaki wiki tano tufanye mtihani wa mwisho wa ufundi umeme, Égide na mimi, darasa moja, benchi moja. Atakayetajwa angeondoka bila cheti. Miaka miwili ya kushika nyaya ingekwisha hivihivi.

Sasa, timu yetu ilikuwa na desturi. Kila tukifungwa tulikutana chumbani kwa Lambert tukamfanyia mtu kesi. Mkewe, Denise, alikuwa msusi, na kwenye dirisha alikuwa na kichwa cha plastiki cha kufanyia mazoezi ya kusuka: nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama kama zimeona polisi. Kichwa hicho tulikiita Jaji. Mshitakiwa alikipakata mapajani kesi nzima, na hakuruhusiwa kusema mpaka aulizwe. Mwendesha mashitaka siku zote nilikuwa mimi. Nani mwingine? Nilijua kuiga sauti ya kila mtu, na mdomo wangu sikuulipia kodi. Ilikuwa michezo tu. Ukihukumiwa, unavaa jezi nje ndani wiki nzima, basi.

Jumapili ile haikuwa michezo, na kila mtu alijua. Nilipoingia, Jaji alikuwa juu ya meza, hajapangiwa mtu. Lambert alikuwa kitandani na simu mkononi, ujumbe wa Mkuu ameshauanza, bado jina.

Nitakuambia ukweli wangu wote. Nilikichukua kile kichwa haraka, kabla mtu hajanitazama, nikakitua mapajani kwa Égide.

"Mahakama imekaa," nikasema.

Égide alikuwa na miaka ishirini, mpole mpaka anakera. Alikipokea kwa mikono miwili, kama anapewa mtoto wa watu.

"Kaka Bakiri," akasema polepole, "leo tusifanye hivi."

"Mshitakiwa hajaulizwa!"

Hénock akacheka. Wengine wakacheka. Nikajua nimewapata, na mimi nikishawapata watu wanacheka siachi, kama mlevi aliyeonyeshwa chupa ya pili.

"Waheshimiwa," nikasema, "goli lina upana wa mita saba na ushee. Lori la mchanga linapita pale bila kukunja vioo. Huyu bwana mechi sita ameshindwa kupitisha kitu kidogo cha duara. Shemeji Denise, wewe unapitisha uzi kwenye tundu la sindano?"

"Kila siku," akajibu Denise, anakoroga sombe, kisamvu cha kwao, jikoni pale pale chumbani.

"Basi kesho utavaa jezi wewe."

Vicheko. Nikainuka, nikamuiga Égide anavyokimbia, magoti ndani, mikono imelegea. Nikaiga viatu vyake, vilivyokuwa vikubwa kwa namba moja na mbele vimejazwa soksi. Nikasema hata Jaji, hana miguu, angefunga kwa bahati mbaya. Égide alikuwa anakitazama kile kichwa tu, anazirudisha nywele zake mahali pake kwa kidole.

Ningeishia hapo. Lakini moyoni nilikuwa nahesabu watu wanne wa kusoma kwa mguu, na nilitaka watatu wawe na uhakika wa kubaki, mimi mmoja wao. Nikatoa lile ambalo Égide aliniambia peke yangu, siku moja nyuma ya choo cha uwanja, akiwa ananishika bega.

"Mnajua kwa nini hafungi?" nikasema. "Anaogopa. Kabla ya kila mechi huyu anatapika. Nimemshika mwenyewe. Hivi!" Nikapiga magoti mbele ya ndoo ya Denise, nikatapika kwa sauti, nikajipangusa mdomo, nikasimama na sauti ya Égide: "Niko tayari, kaka."

Hénock alianguka kwenye godoro kwa kicheko. Lambert alijitahidi asicheke, akashindwa. Nikamwona Égide masikio yamekuwa kama yamepigwa na baridi ya Julai. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia, ningesema ni mtoto.

Aliyebaki bila kucheka alikuwa kocha wetu, Mzee Révérien, Mrundi wa makamo aliyekuwa mlinzi wa maduka ya jumla Fordsburg. Kila Jumamosi alitoka zamu asubuhi, akalala kwa saa tatu tu, akaja uwanjani na sare yake ile ile na daftari lake jeusi la jalada gumu. Kazini kwake, kila kinachotokea getini lazima kiandikwe na saa yake: gari limeingia, gari limetoka, hali shwari. Mkono ulishazoea. Uwanjani naye aliandika hivyo hivyo, dakika kwa dakika, amesimama kwenye mstari kama analinda goli lisiibiwe. Nililicheka sana daftari lile. Sikuwahi kulifungua.

"Bakiri, inatosha," alisema Lambert, anaishika simu vizuri. "Nimeandika Égide. Nitume?"

Hapo ndipo ningenyamaza kimya kama maji ya mtungi. Angetuma, tungekula sombe. Lakini nilitaka mambo yawe na mhuri. Nilitaka Égide mwenyewe akubali.

"Ngoja," nikasema. "Mahakama haihukumu kwa maneno matupu. Ushahidi! Mzee Révérien, leta daftari. Tusome mara ngapi huyu kijana amepoteza."

"Hilo si la kusomea watu," akasema mzee. "Ni la kazi yangu."

"Mzee anamficha Mrundi mwenzake!"

Mzee Révérien akanitazama kama walinzi wanavyomtazama mtu aliyesahau kadi ya kuingilia. Kisha akalitoa kwenye koti, akanipa mimi mwenyewe mkononi.

Nikakohoa. Nikaweka sauti ya mtangazaji wa redio. "Mechi ya kwanza! Saa tisa na dakika nne: mpira kwa Bakiri. Égide yuko wazi, mkono juu."

"Endelea," akasema Hénock, bado anafuta machozi ya kicheko.

"Saa tisa na dakika tano: mpira bado kwa Bakiri. Watazamaji wanashangilia. Saa tisa na dakika tano: mpira umepotea." Nikashusha kidole mstari wa chini. "Saa tisa na dakika kumi na moja: mpira kwa Bakiri. Égide wazi, mkono juu. Bakiri amempiga mtu tobo. Bakiri amemsubiri arudi, amempiga tobo la pili. Mpira umepotea. Saa tisa na dakika ishirini: hali shwari, hakuna tukio."

Denise akaacha kukoroga, sombe likabaki linachemka peke yake.

Lazima niwaeleze kidogo, si kwa kujitetea. Uwanja wetu wa Kensington ulikuwa na ukuta upande mmoja, na Jumamosi vijana wa pale walikaa juu yake. Nikimpiga mtu tobo, mpira katikati ya miguu, wao walipiga kelele "Shibobo!" mpaka mbwa wa nyumba za jirani wanaitikia. Walinipa jina, DJ, kwa kuwa nazungusha. Katikati ya wiki, barabarani, watu wa aina ile ile waliniita kwerekwere, neno lao la kumtukania mgeni. Jumamosi nilikuwa DJ. Sasa niambie, wewe ungeachia mpira haraka?

"Mechi ya pili," akasema Lambert.

"Ah, si ni yale yale, nahodha…"

"Soma yote, ndugu. Si weye njo ulisema ushahidi?" akasema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu.

Nikasoma. Mkono juu. Bado kwa Bakiri. Umepotea. Mkono juu. Bakiri ameketi juu ya mpira. Watazamaji wamesimama. Umepotea. Sauti ya mtangazaji ilinikimbia kwenye mechi ya tatu, nikabaki na yangu, na yangu ilikuwa nyembamba. Mechi ya nne nikapata pumzi:

"Hii hapa! Saa kumi na dakika mbili: Égide yeye na kipa, amepaisha! Mnaona? Amepaisha, imeandikwa!"

"Nilipaisha," akasema Égide. Hakuulizwa, lakini hakuna aliyemzuia. "Ile ni yangu."

"Aliupata wapi mpira huo?" akauliza Hénock.

Nikatazama chini. Nikatamani mwandiko wa mzee ungekuwa mbaya, lakini walinzi wanaandika kama wanachonga. "Umetoka kwa Hénock," nikasoma. "Mpira mrefu wa kipa."

Hénock hakucheka tena. Alisimama, akafungua miguu, akaanza kuzunguka katikati ya chumba na ndala ya Denise kama mpira, amechanua mikono, anapunga kwa ukuta usiokuwepo. "Shibobo! DJ! Eish, wananipenda!" Alinipatia kweli kweli, mpaka ulimi ninaoutoa nikizungusha. Sikuwa najua kwamba nautoa. Wote walicheka, na kicheko kilikuwa kile kile nilichokuwa nacho mimi dakika kumi nyuma, hakikubadilika chochote, kilihama kiti tu.

Denise akaja na mwiko mkononi. Akakitoa kichwa mapajani kwa Égide, taratibu, akanipakatisha mimi. "Shika vizuri, shemeji," akasema. "Upande huo wa kulia bado sijamaliza."

Nikamgeukia Mzee Révérien. "Mzee, ulikuwa unaona hivi mechi sita, mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia baada ya mechi ya pili," akasema. "Toa mpira mapema, nilikwambia. Ukasema mbele ya wote kwamba mimi ni mtu wa geti, nirudi getini."

Nilikuwa nimesema. Na walikuwa wamecheka, na siku ile nilikwenda nyumbani nimefurahi.

Lambert akafuta kitu kwenye simu yake. Herufi tano, nilizihesabu kwa kidole chake: za jina la Égide. Kidole kikabaki hewani.

Ndipo nikaona miaka yangu miwili inaondoka mlangoni, na waya zangu, na benchi langu. Kwa mara ya kwanza katika chumba kile nikazungumza bila utani. Nikasema mpira ni watu kumi na mmoja. Nikasema Lambert naye hapandi mbele kwenye kona, Hénock naye mateke yake mengine yanakwenda kwa majirani, mzee naye angenitoa nje kama aliona. Nikasema twende wote wanne kesho kwa Mkuu, tumwambie kosa ni la timu. Nilikuwa nakipapasa kile kichwa bila kujua, na uzi wa msuko ukafumuka vidoleni mwangu.

"Jamani, sisi ni ndugu," nikasema. "Hatuko kwetu hapa. Lawama tugawane, kila mtu achukue kidogo chake. Au vipi, Égide? Mdogo wangu?"

Égide alikuwa ameshasimama, anafunga kamba za vile viatu vikubwa. Alimaliza cha kushoto, akamaliza cha kulia. Tangu tujuane hakuwahi kunisemesha bila kuniita kaka.

"Bakiri," akasema, "mechi sita hukunigawia mpira hata mara moja, leo lawama ndiyo unataka tugawane?"