Mchicha wa Karakana

Mume wangu ni fundi betri. Anayeyusha madini ya risasi kwenye jiko la karakana, anatengeneza vichwa vya betri kuukuu, na moshi ule kauvuta miaka kumi na tisa. Kifua kilipombana, daktari alimpima damu na moyo, akakuta risasi imejaa na moyo unahangaika.

"Kwanza acha kuyeyusha," daktari akamwambia. "Halafu kula mboga za majani na matunda, fanya mazoezi, uusaidie moyo. Miezi mitatu risasi isiposhuka, moyo huu siutolei dhamana."

Mimi nilisikia yote. Yeye, sikio la kufa halisikii dawa, alisikia mboga na mazoezi tu.

Basi akaanza! Asubuhi anatoka na fungu la mchicha kwapani, jioni anarudi jasho linamtiririka na meno ya kijani. Nikajigamba kwa majirani kwamba mume ninaye. Miezi mitatu ikaisha, tukaenda kupima. Risasi imepanda! Nililia palepale, na sioni haya kusema.

Kesho yake nikamfuata karakanani kimyakimya. Loo! Mtu mzima kavaa kaptula, anakimbia kulizunguka jiko la risasi, mdomo wazi, eti akienda mbali mteja atamkosa. Na mchicha? Unatokota kwenye sufuria ileile anayoyeyushia risasi!

"Wewe baba! Kichwani una akili au matope?"

"Sufuria hii inashika moto vizuri, mama watoto," akasema. "Nilitaka nipone upesi, nisikuache peke yako."

Hasira na huruma vikanijia pamoja. Nikaumwaga mchicha, nikaifunga sufuria kwa kanga, nikatimua mbio.

"Sufuria yangu!"

Alinifukuza mitaa mitatu, asinipate. Sufuria haikurudi, na bila sufuria hakuna kuyeyusha. Asubuhi iliyofuata nikaiba nyundo, nikaenda nayo mpaka uwanja wa mpira. Halafu koleo. Halafu kiatu chake kimoja, akanifukuza akichechemea na kunitukania ukoo mzima. Mchicha nikaupika mimi, jikoni kwangu.

Baada ya miezi mitatu mingine tukapima tena, risasi ilikuwa imeshuka. Daktari akaisoma karatasi mara mbili.

"Mzee, unafanya mazoezi gani?"

Mume wangu akanishika mkono mbele ya wauguzi wote.

"Namfukuza mwizi, daktari. Na siku nikimkamata, simwachii."