Anayepima na Anayerudia

Mama Fundi hakumwamini mtu anayecheka kabla ya kusikia utani, na dada wa kituo cha wazee alikuwa mtu wa namna hiyo. Alicheka akiwapokea mlangoni, alicheka akiwapima presha, alicheka hata akiwakata kucha za miguu wale ambao mgongo hauwaruhusu tena kuinama. "Karibuni wazazi wangu, karibuni!" Wazazi wake! Mama Fundi alikuwa na watoto wake, anawajua, na huyu hakuwamo.

Kituo chenyewe hakikuwa kibaya. Kulikuwa na ukumbi mrefu wenye viti vya plastiki, meza ya drafti, kona ya wafumaji, na mwalimu wa mazoezi aliyewanyoosha wazee viungo wakiwa wamekaa vitini. Chai ilikuwapo, na chakula cha mchana kilikuwa laini. Kilichomkosesha raha ni mlango wa nyuma, ambao kitasa chake kilikuwa juu kuliko vitasa vingine vyote. Humo walikaa wale ambao, kama alivyosema dada kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "wanahitaji uangalizi wa karibu zaidi." Bingwa wa drafti alihamishiwa humo, na ukumbini hakurudi tena. Mkewe alibaki kwenye kiti kilekile, kikombe mkononi, chai inapoa, macho kwenye ule mlango. Mama Fundi alimtazama mwanamke yule akala kiapo kwamba yeye hatakaa vile.

Kwa maana mume wake, Mzee Fundi, alikuwa ameanza kusahau.

Hakumwambia mtu, lakini dalili alikuwa nazo. "Fundi, umekunywa dawa?" mzee alimuuliza akivaa viatu, maana wote wawili waliitana Fundi. Baada ya chai akauliza tena, na mlangoni akauliza tena. Swali moja mara tatu asubuhi moja! Juzi funguo za nyumba zilipotea, zikaja kuonekana ndani ya kopo la uzi. Nyumba ina watu wawili tu. Kama si yeye aliyeziweka humo, ni nani, panya?

Basi akaamua kumlinda, na silaha yake ilikuwa ya kazini. Maisha yao yote walishona nguo katika duka moja, na wateja, hasa wenye matumbo, hawakupenda kiuno chao kitangazwe mbele za watu. Kwa hiyo anayepima alituma namba kimyakimya kwa vidole, mkono ukining'inia kama hauna kazi. Anayeandika aliirudia kwa vidole vyake kifuani, kuonyesha kwamba ameipata sawasawa, ndipo aandike. Hakuna suruali iliyorudishwa kwa kukosewa kiuno, na hakuna mteja aliyewahi kugundua.

Siku hizi vidole vile vilifanya kazi ukumbini. Dada alipenda kuwaketisha duara na kuwauliza maswali aliyoyaita mchezo. Leo ni siku gani? Chini ya kitambaa nimeficha vitu vingapi? Mchezo gani huo! Mama Fundi alijua mtihani anapouona. Zamu ya mzee ilipofika, mzee alikawia, akakohoa, mkono wake ukalala gotini. Mama Fundi aliweka vidole vyake kifuani, vitatu. "Jumatatu," mzee alisema, na watu wakapiga makofi. Mama Fundi akashusha pumzi. Siku hiyo nayo wamevuka.

Lakini maadui walikuwa wengi. Kwenye kona ya wafumaji aliketi na Mama Miwani, mwanamke mpole kupita kiasi. Mama Fundi alikuwa akifuma sweta la mjukuu, mgongo tayari, kifua tayari, mikono miwili tayari. Siku moja alifungua mfuko wake akakuta mkono wa tatu.

"Nani ameniwekea hiki?"

"Si ulikuwa unaufuma wiki iliyopita, dada yangu?" alisema Mama Miwani taratibu.

"Mimi nishone miaka yote hiyo nisijue mtu ana mikono mingapi?"

Mama Miwani akainamisha kichwa na kuendelea kufuma. Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Fundi aliwaza, akauhamisha mfuko upande wa pili.

Kisha likaja lile la getini. Kitindamimba wao alikuja kuwachukua, na Mama Fundi, akitoka msalani, akamkuta ananong'onezana na dada. Safari hii dada hakuwa anacheka.

"Mzee hataki," dada alisema.

"Atakubali tu," akajibu kitindamimba. "Tusingoje mpaka litokee la kutokea."

Machale yakamcheza Mama Fundi mwili mzima. Kumbe ndivyo! Mtoto aliyemzaa mwenyewe, aliyemshonea sare mpaka akamaliza shule, anakaa na wageni kupanga jinsi ya kumfungia baba yake nyuma ya kitasa cha juu!

Nyumbani alimbana mume wake. "Wamekuambia nini?"

"Nani?"

"Usijifanye. Mtoto wako na yule wa kituo."

Mzee alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Aliutunga mara ya kwanza bila kukosea, akamtazama mkewe kwa muda. "Hakuna kitu, Fundi. Umekunywa dawa?"

Ameshasahau, maskini, Mama Fundi alisema moyoni. Alitaka kulia, akaingia jikoni asionekane.

Walipokwenda tena kituoni, dada akaja na kicheko chake. "Mzee, wewe cheza drafti. Mama, twende ofisini mara moja tuzungumze."

"Tuzungumze hapahapa."

"Ni dakika chache tu, mama yangu."

Mtego aliuona waziwazi. Wamtoe yeye, wabaki na mzee. "Nakuja," alisema, "lakini mlango ubaki wazi." Dada akakubali. Ofisini Mama Fundi alichagua kiti kinachotazama ukumbini. Dada aliketi mbele yake, mgongo kwa mlango, na kwa mbali mzee alionekana amekaa kwenye meza ya drafti.

"Mama, leo ni siku gani?"

Alifungua kinywa. Mkono wake ulipanda wenyewe ukatua kifuani, na vidole vikatulia pale, vinangoja. Alishangaa. Vinangoja nini? Alitafuta siku kichwani akapapasa kama mtu aliyezimikiwa na taa katika chumba cha watu. Hofu ikamshika, akainua macho kumtazama mume wake.

Mzee alikuwa ameiacha drafti. Kiti amekigeuza kikaelekea mlango wa ofisi, na mkono ulining'inia kando ya goti, vidole vitano vimekunjuka.

Vidole vya Mama Fundi vikakunjuka vitano kifuani. "Jumatano."

"Vizuri. Na watoto, mama, Mungu amekujalia wangapi?"

Vidole vinne kule. Vidole vinne kifuani. "Wanne," alisema, kisha akauinamia mkono wake na kuutazama.

Kifuani. Kifuani ni mahali pa anayeandika. Katika duka lile hakuwahi hata siku moja kushika tepu ya kupimia; tepu ilikuwa shingoni mwa mume wake. Yeye kazi yake ilikuwa kurudia.

Dada hakucheka na hakugeuka nyuma.

"Unajua kwamba ananionyesha," Mama Fundi alisema.

"Tangu zamani, mama."

"Na kule nyuma, ni mimi mnayetaka kunipeleka."

"Mtoto wako anaogopa utatoka siku moja upotee njia. Lakini mzee hataki uende peke yako. Ametuambia tuweke viti viwili, la sivyo hakuna anayehama."

"Yeye ni mzima. Atafanya nini kule?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema kazi yake anaijua."

Mama Fundi alisimama, akaikataa mikono ya dada iliyotaka kumshika, akatembea mwenyewe mpaka kwenye meza ya drafti. Alikuwa na hasira, kwa maana mtu uliyemlinda hivyo halafu kumbe ndiye anayekulinda anaudhi sana. Mzee alikunja vidole haraka kama mwizi.

"Fundi," alisema Mama Fundi, "zile funguo kwenye kopo la uzi. Nani aliziweka?"

Mzee alijikuna shingo, pale ilipozoea kukaa tepu. "Mimi."

"Na mkono wa tatu wa sweta?"

"Ah, huo ni Mama Miwani. Yule mwanamke si wa kuaminika hata kidogo."

Mama Fundi alimtazama kwa jicho kali, jicho lililowahi kukamata kila mshono uliopinda. Alijua kwamba anadanganya, mara zote mbili. Akavuta kiti cha plastiki na kukaa karibu naye, mahali ambapo mkono wake angeuona.