Piano Kifuani mwa Delbert

Saa tatu na nusu asubuhi, Daktari Loretta Hruska wa Youngstown, Ohio, aliipasha joto stetoskopu kwa kiganja, akaiweka kifuani mwa Delbert Yancey, dereva mstaafu wa basi la shule, akasikia piano. Kisha sauti ya mwanamke: tafadhali endelea kusubiri, afya yako ni muhimu kwetu. Muuguzi Bernadette akaandika kwenye faili: piano.

Tangu kampuni ya bima iinunue kliniki, hicho kilikuwa kifua cha nne kupiga piano. Lakini Delbert alikuwa ameanguka mara mbili akizoa theluji mlangoni pake, na chini ya piano ile Loretta hakuweza kusikia kama valvu ya moyo imeanza kuziba.

"Mke wangu hulalia hapohapo," Delbert akasema. "Siku hizi analala kama mtoto."

Loretta akaomba picha ya moyo. Kampuni ikakataa. Daktari akikataliwa, ana haki ya kuzungumza na daktari mwenzake wa kampuni. Akapiga simu, akapewa daktari wa ngozi.

"Umeandika 'nashuku', dada. Shaka hailipiwi. Andika una hakika."

"Hiyo hakika ndiyo ninayoitafutia picha."

"Najua." Akashusha sauti. "Wananisikiliza hapa. Usinichongee."

Kumpeleka Delbert hospitali bila kibali kungevunja mkataba wa Loretta na kampuni. Kuandika asilolijua kungekuwa uongo wenye sahihi yake. Usiku na mchana aliona theluji, na mtu kalala kifudifudi juu yake.

Alhamisi, Delbert akiwa kitandani pa uchunguzi, piano ikanyamaza. Sauti ikatoka kifuani, safari hii wote wakaisikia, ikauliza tarehe ya kuzaliwa. Delbert akainamisha kidevu, akajibu kwa adabu. Ikauliza ugonjwa. Akamtazama daktari wake.

Loretta akainama karibu. Miaka thelathini na moja ya kazi, hakuwahi kumsemea mgonjwa neno la kubahatisha.

"Nina hakika," akakiambia kifua. "Valvu imeziba."

"Asante. Ombi lako litajibiwa ndani ya siku kumi na nne za kazi."

Bernadette akaandika saa. Piano ikarudi, polepole kuliko mwanzo. Delbert akafunga vifungo vya shati, akauliza kama Jumamosi inahesabiwa.