Gunia Lililoingia Saa ya Ijumaa

Gunia liliingia nyumbani saa ya Ijumaa, wanaume wa kijiji cha Vitongoji wakiwa msikitini, na hilo peke yake lilimtosha Bi Kazija. Mwanawe Shaame hakuwa mtu wa kukosa sala ya Ijumaa. Aliwahi kwenda akichechemea, mguu umemfura kama nazi. Leo kaikosa, na kwa sababu gani? Kwa sababu ya gunia la mchele, debe la mafuta ya taa na jora zima la bafta nyeupe, vitu alivyovitoa dukani kwa Devji mjini Chake Chake, akavipakia juu ya punda na kuvipitisha mlango wa uani kama mtu aliyeviiba.

Bi Kazija alikuwa kitandani, upande wa pili wa kiambaza. Homa ilimlaza tangu mavuno ya karafuu. Mwili ulikuwa umekwisha, meno yalikuwa yamekwisha kabla ya mwili, na muhogo, upondwe upondwavyo, ulimkwama kooni. Alichoweza kumeza ni ubwabwa tu, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Lakini masikio yake yalikuwa mazima, na ile akili yake ya kushuku watu ilikuwa nzima zaidi.

Alisikia gunia likitua sakafuni. Kishindo chake kilifika mpaka kwenye matendegu ya kitanda.

Sasa, watu wa pale hawakuwa na mazoea ya magunia. Mchele ulinunuliwa kwa kibaba, sukari kwenye kikaratasi, mafuta ya taa ya kujaza kibatari basi. Kila mtu alijua kwamba vibaba hivyo vikijumlishwa, mwenye duka ndiye anayepata, na kwamba gunia zima lingetoka rahisi. Lakini nani wa kutoa pesa za gunia kwa mkupuo mmoja? Gunia zima likionekana linaingia nyumbani kwa mtu, pana arusi au pana matanga. Nyumba ile haikuwa na mwari. Ilikuwa na mgonjwa.

Na ile bafta! Bi Kazija aliijua kazi ya bafta nyeupe. Mumewe alizikwa nayo.

"Shaame," aliita. "Umeleta n'ni?"

"Mchele, mama."

"Gunia zima?"

"Kwa gunia ni rahisi."

"Na hiyo bafta?"

"Kwa jora ni rahisi, mama," alisema Shaame, kisha akatoka kwenda kumfunga punda.

Bi Kazija akageukia ukutani. Aliona uchungu, uchungu hasa, kuliko hata wa homa. Mtoto aliyemnyonyesha na kumlea kwa jasho lake kaenda dukani kumnunulia matanga kwa bei nafuu, na yeye hajafa.

Siku zilizofuata zilimzidishia. Shaame alimkataza mkewe, Mwatum, kulifungua gunia mpaka aambiwe, ubwabwa wa mgonjwa ukawa unatoka kwenye vibaba vya zamani, na wao wawili wakawa wanakula muhogo, mchele wamelala nao nyumba moja. Na kila jioni, akirudi shamba, hata jembe hajaliweka, ilikuwa ni swali lile lile.

"Mama kala ngapi leo?"

"Vikombe viwili," Mwatum alijibu.

"Vyote?"

"Vyote."

Kiambaza kilikuwa na ufa, na Bi Kazija aliujua ufa huo kuliko alivyoujua mto wake. Aliweka jicho. Alimwona mwanawe katazama makuti ya paa, midomo inamchezacheza, vidole vinahesabu kitu. Kisha akashusha pumzi.

Anahesabu siku zangu, alijiambia. Anaona nachelewa.

Ili apate hakika, kesho yake aliagiza kikombe cha tatu. Hakuwa na njaa. Alikula kwa ushindani tu, akakimaliza kwa taabu, halafu akasubiri kwenye ufa wake. Shaame alipoambiwa vitatu alijishika kichwa. "Mpe tu," alisema baadaye kwa sauti ndogo, "usimnyime." Bi Kazija akacheka kimoyomoyo, kicheko cha uchungu. Ahaa! Hata kuku hushibishwa kabla ya kuchinjwa.

Mwatum naye alikuwa na lake. Asubuhi moja alileta kikombe cha ubwabwa macho yamemwiva, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, n'shamjua mwanao. Anaoa."

"Anaoa nani?"

"Mtu wa Kojani. Juzi kenda Kojani, karudi hana hata samaki mmoja. Mtu aende Kojani, kwa wavuvi, arudi mikono mitupu, alifuata n'ni kama si mwanamke? Gunia lile la arusi."

"La arusi wapi! Gunia lile la matanga yangu."

"La mke mwenzangu, mama!"

"La kwangu mie! Na bafta je? Wapi umeona bibi arusi kavishwa bafta?"

"Hizo shuka za kitanda!" alisema Mwatum, na kilio kikamtoka.

Walikaribia kugombana, kila mmoja analivutia gunia kwenye msiba wake. Halafu Bi Kazija, ambaye kwa muda mrefu hakuweza kukaa bila ya kuegemezwa, akajiinua mwenyewe.

"Basi sikiliza, mwanangu. Pasipokuwa na mchele hapana matanga wala arusi. Tuliondoe."

Walingoja mpaka Shaame alipokwenda bandarini Wesha. Mwatum akaazima masufuria kwa jirani yao Bi Tatu na kupeleka habari mtaa mzima: Bi Kazija kapata nafuu, anatoa sadaka. Basi wanawake walikuja na mbuzi zao za kukunia nazi, mafiga yakawekwa uani mahali patatu, moshi ukapanda. Bi Kazija alitolewa nje, akatandikiwa mkeka, akasimamia mambo kama siku zake za zamani. Hapa tui halijakolea, pale punguza kuni, yule mtoto hajapewa. Wali ukapakuliwa kwenye masinia. Mchele uliobaki mbichi akaugawa mlangoni kwa kibaba, kila aliyekuja na kikapu akajaziwa. Hakuwahi kujihisi mzima namna ile tangu homa imwangushe.

"Mwenyewe Shaame yuko wapi?" aliuliza Bi Tatu.

"Ataukuta ukoko," alisema Bi Kazija, na uani pakachangamka kwa vicheko.

Shaame alirudi baada ya alasiri. Alisimama kwenye mlango wa ua akayatazama masinia, akawatazama watu, akaliona gunia limeanikwa juu ya uzio, tupu, limekung'utwa. Akakaa pale pale chini, kwenye vumbi.

"Mama. Mchele wote?"

"Wote. Matanga yangu nimeyala mwenyewe, na majirani wamenisaidia. Sasa kama wataka kunizika, kanunue gunia jengine."

"Jengine halipo," alisema Shaame. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Bi Kazija. "Mjapani kaingia vitani. Meli za mchele zilizokuwa zikitoka Rangoon haziji tena. Devji kanambia mapema, kwa siri, kwa kuwa tumejuana tangu utoto. Kanipa gunia moja, kaniapisha nisimwambie mtu, hata mke wangu, watu wasije wakamvunjia duka. Leo habari imetoka. Nimetoka Wesha, watu wamejaa bandarini, na hata kibaba kimoja hakipatikani. Sote tutakula muhogo. Sisi wenye meno. Na weye je, mama? Nilipiga hesabu. Vikombe viwili kwa siku, gunia lile lingekuvusha mwaka huu mzima na zaidi. Siku uliyokula vitatu nikaanza hesabu upya."

Bi Kazija alilirudisha tonge lake kwenye sinia. Aliwatazama watu waliokuwa wamekaa karibu naye na hakuna aliyekuwa anatafuna. Bi Tatu alifungua pindo la kanga yake, akalishusha gunia kutoka juu ya uzio, akamimina ndani kibaba alichopewa. Mwengine akafanya hivyo hivyo, na mwengine. Wawili watatu walijikuta wana shughuli majumbani mwao, wakatoka kwa mlango wa uani na vikapu vyao.

"Na Kojani?" Mwatum aliuliza. "Kojani ulifuata n'ni?"

"Ng'onda wa jumla, samaki wakavu wa kuweka akiba. Wamekataa kuuza."

Mwatum akajifunika uso kwa kanga.

Ikabaki bafta. Bi Kazija aliogopa kuuliza, na kutouliza hakuweza.

"Na lile jora, Shaame?"

Shaame alichora kitu vumbini kwa kidole. "Ile sanda, mama."

"Yangu."

"Yako. Na yangu. Na ya Mwatum. Nguo nazo hazitakuja." Akainua uso, kaona haya kama mtoto. "Kwa jora ni rahisi."

"Na mie!" Mwatum alipiga ukelele.

"Nilijua!" alisema Bi Kazija. "Bafta niliijua mie, tangu siku ile!" Akacheka mpaka akakohoa, na katikati ya kukohoa kicheko kikageuka, akalia mbele ya watu wote, na hakujali. Alilia kwa aibu, na alilia kwa furaha pia, maana mwanawe hakuwa amemkatia tamaa, na yeye kayatapanya maisha yake mwenyewe kwa kibaba mlangoni.

Alipotulia alimwambia Mwatum akwangue ukoko wa masufuria yote matatu, auanike kwenye ungo. Ukilowekwa maji utalainika. Kisha akaomba aletewe lile gunia, akaweka mkono ndani, akapapasa mpaka akaugusa mchele chini kabisa.

"Kuanzia kesho, kikombe kimoja kwa siku," alisema.

"Viwili," alisema Shaame.

"Kimoja, mwanangu. Nataka kukaa sana duniani."