Ubeti wa Tatu wa Sifael

Maji yaliyobaki ndani yalikuwa nusu kikombe, na Sifael aliyatumia kulowanisha mwanzi. Kile kipande chembamba cha mwanzi ndicho kinachotetema mdomoni saksafoni ikilia. Kikikauka, hutoa mkwaruzo tu. Alikitumbukiza kikombeni, akakaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake ya Mwika, akaanza kuvifunga upya vifuniko viwili vya saksafoni kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mkewe, Elinipendo, alikuwa ametoka na ndoo tangu alfajiri. Kushuka chemchemini ni mwendo wa saa nzima. Kupanda, kwa mtu mwenye nyonga iliyosagika, ni saa mbili na kupumzika mara sita.

Hatua ishirini kutoka mlangoni ulipita mfongo, ule mfereji ambao babu zao waliuchimba kwa majembe ya mkono kutoka msituni hadi kwenye migomba. Huu ulikuwa mwaka wa tatu haupitishi hata tone. Majani ya mibuni yalikuwa yamejaa ndani yake, na kuku walitagia humo. Huko juu, bomba la hoteli ya kitalii ya Mheshimiwa Primus lilichukua maji yote pale yanapotoka msituni. Vijana waliowahi kufanya kazi hotelini walisema kuna bwawa la kuogelea, na kwamba maji yake humwagwa kila Jumatatu ili wageni wasiyaone yamechafuka.

Elinipendo alifika, akatua ndoo, akashika ukuta.

"Umeyamaliza ya kwenye kikombe?"

"Nimeyamaliza, Mama Aikaeli."

"Basi leo upige kweli."

Sifael alikuwa na miaka ishirini na mitatu alipoutunga wimbo wa "Mfongo", wakati huo akipiga na Msaranga Jazz. Bendi ilikuwa na watu tisa, suruali za bwaga, na gitaa moja la kuazima. Wimbo ulipigwa redioni, ukachezwa kwenye kumbi kutoka Arusha mpaka Tanga, na hadi leo hakuna harusi ya Kichagga inayokwisha bila huo. Wenzake saba walikwisha kuzikwa. Wa nane yuko Mabogini, anafukuza ndege kwenye mpunga wa watu. Sifael mwenyewe alipiga misibani na kanisani, akalima kahawa, akazeeka.

Sasa wakubwa walikuwa wamemkumbuka. Kamati ya tamasha la utamaduni na utalii mjini Moshi ilimwahidi cheti cha heshima na kadi mbili za bima ya afya, yake na ya mkewe, kwa maisha yao yote. Daktari alikwisha kusema: nyonga ya Elinipendo inataka kubadilishwa, siyo kuchuliwa mafuta.

Walishuka wote wawili mjini, na nyuma ya jukwaa Sifael alipokelewa na Wilson, mratibu wa tamasha, kijana mwenye miwani ya jua na redio ya mkononi.

"Shikamoo mzee wangu. Legend mwenyewe!"

"Marahaba."

"Kuna kitu kidogo tu, mzee. Leo beti mbili zinatosha. Ule wa tatu tumeutoa."

"Ameutoa nani?"

"Kamati."

"Nilipoutunga, hiyo kamati ilikuwa wapi?"

Wilson akacheka kwa adabu. "Nielewe, mzee. Mgeni rasmi ni Mheshimiwa Primus. Watu watauelewa vibaya."

"Watauelewa vibaya, au watauelewa?"

Wilson alitoa mfukoni kadi, akaishika mbele ya macho ya mzee bila kuiachia. Jina la Elinipendo lilikuwa limechapishwa vizuri, herufi zote zipo.

"Ukishuka tu jukwaani nakukabidhi. Usimwangushe bibi."

Sifael aliitazama ile kadi, akalisoma jina la mkewe.

"Beti mbili," akasema.

Alipanda jukwaani jua likiwa la utosi. Alipopuliza sauti ya kwanza, uwanja mzima uliitika. Akina mama waliinuka na vitenge vyao, wazee wakaacha mikongojo kwenye viti. Alipiga, akaimba ubeti wa kwanza. Akapiga tena, akaimba wa pili. Vidole vilikuwa vizito, lakini pumzi ilikuwepo. Chini ya hema la wageni, Mheshimiwa Primus alicheza akiwa amekaa, akitikisa mabega. Mbele yake zilipangwa chupa za maji zenye nembo ya hoteli yake.

Ubeti wa pili ulipokwisha, Mheshimiwa alisimama, akashika kipaza sauti.

"Mnawaona wazee wetu! Wanausifu mlima wetu! Wanayasifu maji yetu!"

Watu walipiga makofi. Sifael akamtafuta mkewe. Elinipendo alikuwa amekaa upande upande kwenye kiti cha plastiki, ameuegemea ule upande mzima. Hakupiga makofi. Alimwangalia mumewe, kisha akainua kidevu, kama alivyokuwa akifanya ujanani dansini, kumwambia zungusha tena.

Sifael akarudisha saksafoni mdomoni. Alipiga kiitikio, akaishusha, akaimba:

*Mfongo hauna tajiri, maji hayana mwenyewe,*
*aliyeuziba huko juu, huku chini twamjua.*

Neno la mwisho halikusikika. Vipaza sauti vilikuwa vimezimwa. Wilson alikuwa anapitisha kiganja shingoni kama kisu, ishara ya kumtaka ashuke. Lakini saksafoni haihitaji umeme. Sifael akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na katika ule ukimya wa mitambo sauti ilikwenda mbali kuliko mwanzo. Elinipendo akasimama kwa shida, akauimba ubeti wa tatu yeye mwenyewe, kwa sauti kavu ya uzee. Mstari wa pili waliupokea wanawake wa Mwika. Waliporudia mara ya tatu, uwanja mzima ulikuwa unaimba, na vichwa vyote vimeelekea kwenye hema.

Mheshimiwa Primus alikaa. Wilson akairudisha kadi mfukoni. Askari wawili wakapanda ngazi za jukwaa.

Kituoni, Koplo Theopista alijaza fomu. Kosa: kuvuruga shughuli ya serikali. Kielelezo: akaandika, akamsogezea kalamu.

"Saini hapa, babu, uende nyumbani kwa dhamana."

Sifael akasoma. "Umeandika tarumbeta moja, kuukuu."

"Ndiyo."

"Hii si tarumbeta. Ni saksafoni."

"Si vyote vinapulizwa?"

"Futa uandike saksafoni."

"Kielelezo hakifutwi. Nimeshaandika kwa wino. Na asiyesaini hatoki."

Sifael akailaza kalamu mezani, akarudi kukaa kwenye benchi. Elinipendo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaja taratibu akakaa kando yake, mguu mbovu ameunyoosha mbele.

"Tutakaa," akasema Elinipendo.

Theopista alifunga kikaratasi cha namba kwenye shingo ya saksafoni kwa kamba ya katani, akaisukumiza kwenye kabati la vielelezo, katikati ya dumu la gongo na panga lenye kutu. Akausukuma mlango kwa mkono, halafu kwa goti. Kabati halikufungika. Mdomo mpana wa saksafoni ulibaki umetokeza nje, na yule koplo akauegemezea mlango kiti ili usifunguke zaidi.