Marumaru Moja Iliyobaki

Jumanne saa tisa alasiri Damiano alipigilia msumari wa mwisho wa silingibodi ya sebuleni, akashuka ngazi, akapangusa mikono kwenye suruali na kutoka nje kunywa chai. Mkewe Costancia alikuwa ameiweka chai juu ya kigoda chini ya upenu, kivulini, kama siku zote. Sasa kigoda kilikuwa juani. Hakikuwa kimesogezwa na mtu, maana miguu yake mitatu ilikuwa bado kwenye vishimo vyake vya siku zote. Kilichosogea ni nyumba. Ilikuwa imerudi nyuma hatua moja ya mtu mzima, na mahali ulipokuwa ukuta wa mbele palikuwa na ukanda wa udongo mbichi, na juu ya udongo kijiko cha chai ambacho Costancia alikitafuta kwa miaka saba.

"Imesogea," Damiano alisema.

"Nimeona," Costancia alijibu. Aliokota kijiko, akakifuta kwa khanga, akakoroga sukari. "Kunywa, inapoa."

Nyumba yenyewe ilikuwa nje kidogo ya Mikumi, kwenye barabara ya kwenda Kilosa, barabara mbele na reli nyuma. Damiano aliianza akiwa bado dereva wa malori ya miwa kule Kidodi, na aliihamia kama watu wanavyohamia: bati likishapigwa unaingia, mengine yatafuata mdogo mdogo. Mengine yalifuata kwa miaka ishirini. Mafundi alishawakatia tamaa tangu yule aliyemfungia mlango wa bafu ukawa unafunguka kwa aliyeko ndani tu. Alipostaafu alinunua pima maji, sululu ndogo na msumeno, akaanza kumalizia mwenyewe, akijifunza kwa video za kwenye simu. Alikuwa mtu wa kusawazisha. Akiingia nyumba ya watu alikuwa akiinamisha kichwa kidogo, na wenyeji walidhani ni adabu, kumbe anaangalia kama fremu imenyooka.

Costancia, mtu wa Lumuma, alikuwa na neno moja tu juu ya nyumba hiyo. Padri haingii kubariki mpaka iishe. "Siwezi kumwita padri aje kunyunyizia maji magofu," alisema mwaka ule walipohamia, na hakulirudia tena neno hilo, jambo ambalo lilimkera Damiano kuliko kama angelirudia kila siku.

Wiki tatu kabla ya Jumanne ile walikuja watu wa barabara na kopo la rangi nyekundu. Damiano alijenga mita ishirini na sita kutoka katikati ya barabara, akazidisha hata kipimo cha wakati ule ili asije akasumbuliwa uzeeni. Baadaye kipimo kilihama. Sasa kilikuwa mita thelathini, na nyumba ilikutwa ndani ya mstari ikiwa imetulia palepale ilipojengwa. Mpimaji alikuwa dada mmoja mpole aitwaye Goodhope. Aliwaamkia wenyeji shikamoo, akaitikiwa marahaba, ndipo akachora X kwenye ukuta wa mbele, kubwa, imepinda upande wa kulia.

"Tutarudi tarehe ishirini kupima mara ya mwisho, mzee," alisema. "Itakayokutwa ndani ya mstari inabomolewa. Fidia haipo."

Nyumba ya tatu kutoka hapo, upande uleule, ilikuwa gesti ya Mheshimiwa Nikolaus. Baraza lake lilikuwa mita kumi na mbili kutoka katikati ya barabara, na lori likipita wateja walikuwa wakishika glasi zao. Haikuwa na X. Damiano aliuliza kwa nini.

"Ile haimo kwenye orodha," Goodhope alisema, na kwa kuwa alikuwa mkweli, alitazama chini.

Watu walidhani Damiano angeacha ujenzi. Nani anapaka rangi nyumba ya kubomolewa? Yeye alizidisha. Alisema kama watavunja, basi wavunje kitu kilichokamilika, siyo kumvunjia kitu ambacho yeye mwenyewe anakionea haya. Ndiyo maana Jumanne ile alikuwa kwenye ngazi, na ndiyo maana nyumba ilipata nafasi ya kusogea.

Aliyelieleza jambo lile vizuri alikuwa Siwema, jirani yao wa nyuma kwa pembeni, fundi cherehani, aliyekuwa akishona barazani kwake ubavuni mwa shamba la mihogo. Siwema hakuwa na X ya barabara. Yeye alikuwa na X ya reli, maana reli nayo ilikuwa na mstari wake. Treni yenyewe alikuwa hakumbuki ni lini alipoiona mara ya mwisho, ila mstari wake ulikuwa haukosi.

"Mstari umetembea mita nne na hauna miguu," Siwema alisema huku akikata uzi kwa meno. "Kwa hiyo nyumba ikae tu ingoje? Karibuni huku nyuma, jirani."

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa furaha. Damiano alipomaliza kupaka rangi chumba cha kulala, nyumba ilirudi hatua. Alipomaliza cha wageni, ikarudi nyingine. Kitasa kilikuwa shibiri moja, kifuniko cha swichi upana wa vidole vinne. Fisha bodi za ukingo wa paa na gata za maji ya mvua, ambavyo alivifunga siku moja, viliipeleka nyumba nyuma kwa mkupuo mmoja hadi kuku wakakimbia. Costancia alipanga mawe uani, jiwe moja kwa kila kazi, akawa anajua bei ya kila msumari kwa masafa. Bomba la maji lilikatika, wakaliunga kwa mpira. Choo cha nje, kilichokuwa mbali na mlango wa jikoni tangu walipohamia, sasa kilikuwa karibu, na hilo Costancia alikuwa ameliomba tangu mwaka wa kwanza.

Binti yao Happiness, aliyeolewa Malolo, alipiga simu kuulizia.

"Mama, mmefika wapi?"

"Tumefika usawa wa mpapai," Costancia alisema. "Baba yako akimaliza bafu tutaupita."

Ukuta wa mbele aliuacha hadi mwisho wa kupaka rangi, kwa sababu ya X. Kuifuta ni kosa, kila mtu anajua. Damiano alipaka ukuta wote rangi ya samawati na kuizunguka X kwa karatasi ya gundi ili isiguswe. Lakini alipobandua karatasi aliona jinsi ilivyopinda, na moyo ukakataa. Alichukua pima maji, penseli na kopo dogo la rangi nyekundu, akaunyoosha mkono wa kulia wa X, akailainisha kingo zote nne. Ilikuwa X nzuri kuliko zote za barabara ile. Nyumba ilirudi shibiri moja kwa kazi hiyo pia.

Tarehe ishirini Goodhope alikuja saa nne asubuhi. Aliwaamkia, akaisifu X, akatoa futi kamba. Siwema aliacha cherehani akaenda kumshikia ncha katikati ya barabara, akiwatuliza madereva wa bodaboda kwa kiganja. Goodhope alivuta hadi ukutani, akainama kusoma.

"Mita ishirini na tisa na sentimita tisini na tano," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi.

Ndani, chumbani, Damiano alikuwa akikaza skrubu ya pili ya kifuniko cha swichi ya mwisho. Aliisikia namba. Bisibisi iliteleza, akairudisha, akakaza. Nyumba ilisogea upana wa vidole vinne. Ilitosha kabisa, kwa sababu vidole vya Damiano vilikuwa vya dereva wa lori.

"Mama, shika vizuri huko, imesogea," Goodhope alimwambia Siwema, akavuta upya. "Mita thelathini na sentimita mbili." Aliandika kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake. "Hongereni. Hamumo tena."

Costancia alipiga kigelegele kimoja, kifupi, akaziba mdomo. Damiano alitoka nje na bisibisi mkononi, akauliza kama sasa X inafutwa.

"Fomu ya kuchora X ninayo, mzee," Goodhope alisema. "Ya kufuta sijawahi kuiona."

Alikunywa chai, akaizunguka nyumba kwa udadisi wa kazi. Kule nyuma alisimama. Kati ya ukuta wa jikoni na kigingi cha mpaka wa reli palikuwa na shibiri moja tu. Aliweka kiganja chake pale, kidole gumba ukutani na kidole cha mwisho kwenye kigingi, na hakikubaki kitu.

"Reli si ofisi yangu," alisema. "Lakini ningekuwa ninyi ningesimama hapahapa."

Goodhope alipoondoka, Damiano hakuwa amesikia hilo la mwisho, au alisikia likapita. Alikuwa ameshaingia sebuleni. Sakafu ile aliipanga kwa miezi mitano, marumaru mia moja arobaini na nne, za maziwa na kahawia, kila mshono umenyooka hadi mwisho wa macho. Ilikuwa imebaki moja tu, katikati kabisa, pale anapokanyaga kila anayeingia. Aliiacha makusudi iwe ya mwisho kwenye nyumba nzima. Saruji alikuwa ameshaikoroga asubuhi, imelainika kama uji. Alipiga magoti, akatandaza saruji ndani ya tundu, akaichukua marumaru kwa mikono miwili.

"Baba Happiness," Costancia alisema mlangoni, "weka chini."

"Ni moja tu, mama."

"Ndiyo hiyo moja." Alikuwa amebeba jiwe kutoka uani, kubwa kuliko yote. "Sakafu nzima hatua nzima. Nimeshahesabu. Nyuma tuna shibiri."

Damiano hakuiweka chini. Alibaki amepiga magoti huku ameishika hewani, akiitazama, na ilikuwa nzuri, haina hata ufa. Aliumia. Miaka ishirini alikuwa akilala akifikiria kitu kimoja: siku atakayosimama mlangoni akaangalia nyumba yake pasipo jicho kugota popote. Angeweza kuvumilia kubomolewa, alikuwa ameshajiandaa. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Costancia aliweka jiwe chini, akakaa sakafuni karibu naye na kuipokea marumaru taratibu. Naye alikuwa na lake la kuumia, maana neno lake juu ya padri lilikuwa limemganda kwa miaka yote hiyo. Walikaa hivyo hadi saruji ilipoanza kukauka kwenye tundu, ndipo Damiano akaikwangua kwa mwiko, akalipangusa tundu pembe zote nne, kwa sababu hata tundu linapaswa kuwa sawa.

"Kesho nitakwenda parokiani," Costancia alisema. "Nitamwambia imeisha."

Padri alikuja Jumamosi. Walikuwepo wa Malolo, wa Lumuma na wa kwaya, na Siwema alileta sinia la vitumbua. Wali ulipikwa hadi ukabaki. Padri alinyunyizia maji ya baraka chumba kwa chumba, akayasifu madirisha, akaifungua na kuifunga milango miwili mitatu kwa raha tu. Alipofika katikati ya sebule alisimama.

"Na hapa?"

"Hapo ndipo nyumba iliposhikilia, Baba," Costancia alisema. "Ruka tu."

Padri aliinua kanzu kidogo, akaruka, akaendelea na sala. Kwaya iliruka nyuma yake, mmoja mmoja, bila kukosa wimbo.

Wiki iliyofuata Siwema, aliyekuwa ameangalia yote kwa makini, aling'oa dirisha lake la mbele na kulisimamisha ukutani. Nyumba yake ilisogea mbele shibiri moja, ikaachana na reli. Aling'oa na mlango wa stoo. Sasa anashona upepo ukimpiga usoni na vitambaa vikimruka, na X ya reli ipo ukutani vilevile, ila mstari haumfikii. Anasema akiwa na shida atang'oa dari.

Gesti ya Mheshimiwa Nikolaus iliongezwa ghorofa. Ilijengwa ikaisha kwa wiki saba, na vioo, na taa za rangi zinazozunguka, kila kitu mahali pake. Haikusogea hata kidole.

Marumaru ya Damiano inakaa kwenye kabati la vyombo, kati ya vikombe vya wageni. Kila Jumapili wakitoka kanisani anaitoa, anaifuta kwa pindo la shati, anapiga magoti na kuilaza ndani ya tundu lake, bila saruji. Kisha anarudi hadi mlangoni na kuangalia. Costancia anakuwa dirishani jikoni, jicho kwenye kigingi. Sakafu yote inakuwa moja, mishono inakwenda mbali, hakuna pa kugota. Damiano anavuta pumzi. Kabatini vikombe vinaanza kugongana kidogo.

"Toa," Costancia anasema, na Damiano anaitoa.