Gauni la Vifungo Vinne

Shangazi alikuwa barazani anageuza kola ya shati la kaka yake, iliyokwisha kulika upande wa shingo, wakati lori lilipoingia getini kinyumenyume likiwa limebeba gari. Alitoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akangoja vumbi litulie. Gari lilikuwa la manjano, fupi, limeinama mbele kama paka anayevizia. Lilikuwa na viti viwili tu. Mama wa nyumba aliuliza mzigo wa sokoni utakaa wapi.

Lilikuwa la Kijana, mwanawe, ambaye wiki hiyo alikuwa ametimiza miaka kumi na minane, na leseni yake bado ilinukia plastiki. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Matofali kwa sababu ya kiwanda chake, alimwahidi akiwa bado shuleni: faulu, utachagua gari mwenyewe. Kijana akafaulu. Akachagua.

"Kaka," Shangazi alisema wakati wa chakula, "hilo gari si kubwa mno kwa mtoto?"

"Dogo. Halifiki hata kiunoni."

"Nasema nguvu zake."

"Ahadi ni deni, dada. Mimi shule nilikwenda kwa miguu, unakumbuka. Mwanangu hatakwenda chuo kwa miguu."

"Kati ya miguu na lile kuna vitu vingi vya kupanda. Hata baiskeli ipo."

Kijana alicheka mpaka maji yakampalia. Alimpenda sana shangazi yake. Ndiye aliyemfundisha kutembea, akimshika vidole viwili kwenye baraza hiyohiyo, na nguo zote alizovaa mpaka alipoanza kutaka za dukani zilitoka kwenye cherehani yake.

"Nitaendesha polepole, Shangazi," alimwambia.

Alijaribu kweli. Lakini gari lile halikujua polepole ni nini. Ukiligusa tu, limeshafika kwenye kona ya shule ya msingi.

Jumatatu asubuhi boneti ilikuwa imebonyea. Gari lilikuwa limelala ndani ya geti, chini ya turubai, na mlinzi hakuwa ameondoka. Fundi wa bodi aliitwa, akanyoosha, akapaka rangi, akaenda zake. Kesho yake bonyeo lilikuwa limerudi palepale. Fundi akanyoosha tena. Liliporudi mara ya tatu alipiga magoti, akalitazama kwa ubavu, akapitisha kiganja juu yake.

"Hili halijagongwa," alisema. "Bati lililogongwa huchubuka rangi. Hii ni ajali iliyowahi. Hutokea, hasa kwa magari yenye mbio."

"Iliyowahi vipi?" Mzee Matofali aliuliza.

"Bado haijatokea. Imetangulia kufika, kama mgeni anayekuta watu wanafagia."

"Na dawa yake?"

"Mimi nina nyundo tu, mzee. Labda lisitoke."

Mzee Matofali akasema gari halikununuliwa ili lipambe ua.

Bonyeo lilikuwa na umbo la mtu: bega, ubavu, nyonga. Kwa hiyo Jumamosi majirani walikuja kujipima, mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaojaribu viatu. Mlinzi alikuwa wa kwanza kulala juu ya boneti.

"Shuka, baba," mkewe akamwambia. "Kwa tumbo hilo, injini ingetokea nyuma."

Mwalimu mkuu alikuwa mrefu mno. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alijipima, akakuta mabega yake yanazidi. Akampandisha na binti yake wa darasa la tatu, binti akapotelea humo kama punje ndani ya bakuli. Mama wa nyumba alijilaza amefumba macho, na alipoona bonyeo halimwenei, alikwenda jikoni akakaa kidogo.

Shangazi hakujilaza. Alitoa futi kamba shingoni, akapima bega mpaka bega, akapima nyonga, akaona bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia, kama linavyoshuka la mtu aliyeinamia cherehani maisha yake yote.

"Ni mimi," alisema, akaiviringisha futi kamba.

Watu waliitikia kwa vichwa. Mwalimu mkuu akampa pole, naye akashukuru. Lakini katikati ya bonyeo, kuanzia kifuani kushuka chini, kulikuwa na alama nne za mviringo, kubwa kama vifuniko vya chupa, na Mzee Matofali ndiye aliyeziona.

"Hivi ni vifungo. Dada, una gauni la vifungo vikubwa mbele?"

"Sina. Yangu yote ya zipu."

"Basi usilishone," alisema, na uso wake ukakunjuka. "Usilishone, na barabara ya mbele usiipite. Nitakutobolea njia ukutani, upande wa nyuma. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe."

Ukuta ulitobolewa siku hiyohiyo, kwa kuwa matofali na watu wa matofali walikuwepo. Shangazi akawa anakwenda sokoni kwa nyuma, akiinama chini ya kamba za nguo za watu, akiomba radhi kwa kuku wao. Safari ilirefuka, naye alikuwa na magoti mabaya, lakini wote waliona ni utaratibu mzuri. Wateja waliotaka vifungo vya mbele aliwaelekeza kwa mafundi wengine. Kijana aliendesha kila siku. Akipita nje alipiga honi mara moja, ili Shangazi barazani ajue ni yeye, kana kwamba ungeweza kudhani ni mwingine.

Mvua zilipokwisha, bonyeo lilianza kujaa lenyewe. Mzee Matofali alikuwa akilitazama kila asubuhi akinywa chai. Halafu siku moja halikuwepo kabisa, na chini yake, kwenye bampa, lilikuwa limetokea jingine dogo.

"Limehama," fundi wa bodi alisema. "Mwenyewe si hapiti tena?"

Mzee Matofali akaita familia yote ije ione. "Si la nyumba hii," aliwaambia. Siku hiyo alikula vizuri.

Shangazi alikuwa amebaki nyuma kwenye gari, akainama kwa shida, akagusa alama iliyokuwa mgongoni mwa umbo lile. Ilikuwa ya bizimu ya mraba, iliyovunjika pembe moja.

"Kaka, huyu ni binti wa fundi viatu," alisema alipofika mezani.

"Umejuaje?"

"Bizimu ni ya mkanda wako wa zamani. Mfuko wake wa shule niliushona mimi."

Mzee Matofali aliendelea kutafuna. "Tutamwambia baba yake apitie nyuma."

"Nyuma ya wapi? Nyumba yao haina nyuma. Ukifungua mlango ni barabara."

"Sasa nifanyeje, dada? Ajali haina kinga."

"Hiyo husemwa msibani, kaka. Bado hatujafika."

"Unataka nimnyang'anye mtoto funguo? Mtaa wote umeliona gari."

Funguo zilikuwa mezani, kati ya chumvi na jagi la maji. Walizitazama wote wanne.

"Baba," Kijana alisema, "kama unaona—"

"Kula," baba yake akamwambia.

Kijana akala. Alipomaliza alinawa mikono, akachukua funguo, akatoka.

Alasiri hiyo Shangazi alikata kitambaa cha bluu alichokuwa amekiweka miaka mingi bila kujua cha nini. Alishona gauni la kupasuka mbele. Kwenye kopo la vifungo alipekua mpaka akapata vinne vikubwa vinavyofanana. Mama wa nyumba alikuja, akaviona, akakaa chini akamshikia upindo mpaka ukaisha.

Kesho yake Shangazi alitoka kwa geti la mbele, amevaa. Alimshika mkono binti wa fundi viatu, akamvusha barabara, akarudi. Siku iliyofuata akafanya hivyo tena. Siku ya tatu bampa ilikuwa nyoofu kama ya dukani, na juu ya boneti bonyeo kubwa lilikuwa limerudi, bega la kushoto chini, vifungo vinne.

Mzee Matofali alisimama na kikombe chake. Alitazama boneti, akamtazama dada yake, akatazama tena boneti. Halafu akasema fundi apigiwe simu, maana Jumapili kuna wageni.

Kijana alivuta turubai, akalikunja vizuri kama alivyofundishwa.

"Gauni limekupendeza, Shangazi," alisema. "Nikusogeze?"

"Hapana, mwanangu. Nakwenda hapo tu."

"Basi nitakukuta njiani."

"Haya."

Injini ikawaka, na vikombe vikatetemeka mezani kama kila siku. Shangazi alifunga kifungo cha nne, akatangulia.